Jengo la Ishirini na Nne, Fleti ya Kumi na Tano

Tangu nirudi sijamaliza kikombe cha kahawa hapa stendi bila mtu kuniuliza habari za sherehe. Hadithi imeshanenepa. Eti mimi na Mama Hawa tulivamia shughuli ya watu huko Misri, tukala, tukacheza, tukaondoka na sufuria. Juzi fundi viatu kanisalimia, "Mambo, bwana harusi." Haikuwa harusi, na sufuria tulipewa. Nimeona niandike mara moja, mwenye kutaka asome, na mwenye kutaka kuongeza chumvi aongeze akijua kwamba anaongeza. Mambo ya pasipoti, viza na tiketi nayaruka, maana hayana utamu hata kwa aliyeyapitia.

Kwa wasiomjua, Mama Hawa ana duka la nguo na manukato karibu na stendi ya Babati, na chumba changu cha ufundi wa kompyuta kimepakana na duka lake, ukuta mmoja. Ana dada yake mkubwa, Salma, aliyeolewa na mwalimu wa Kiarabu kutoka Misri, mtu aliyekuja kufundisha hapa kisha akarudi kwao na mke. Siku Salma anaondoka, Mama Hawa alikuwa bado na meno ya utoto. Hawakuonana tena. Barua zilikuja, baadaye zikaja simu, baadaye simu za kuonana sura, na hizo ndizo zilizoonyesha kwamba Salma anaanza kusahau. Kwanza alisahau majina ya mitaa ya Babati, kisha Kiswahili, kisha akawa anaitazama simu kama mtu anayetazama ukuta. Nadia, binti yake, akatuma ujumbe: mama bado anamtaja mdogo wake siku nyingine asubuhi, kama mnakuja mje sasa.

Hawa mwenyewe yuko Mwanza na mtoto mchanga, asingeweza kumsindikiza mama yake. Mama Hawa akaja mlangoni kwangu akasema, "Baba Imani, wewe unajua kompyuta na unajua namba zao. Utanipeleka." Halikuwa ombi. Mimi ni mtu wa Bonga, Mkristo, Kiarabu sijui hata cha kuombea maji, ila namba zao kweli nilikuwa nazijua, na mtaona zilivyonisaidia.

Babati hadi Kilimanjaro

Shemeji yake Mama Hawa alitupeleka uwanja wa ndege kwa Noah yake. Ni kijana wa maneno mengi, na gari lake nalo ni la maneno mengi. Tulipofika Minjingu likaanza kutoa moshi mbele. Akashuka, akafungua boneti, akasema, "Poa tu, linataka kupumzika." Lilipumzika sana. Mama Hawa alikaa kivulini juu ya begi lake, akiwa amekumbatia kifurushi ambacho hakukubali kiwekwe nyuma. Ndani mlikuwa na doti moja ya kanga na chupa ya asali ya nyuki wadogo, vyote vya Salma. Asali aliifunga kwa nailoni, kisha gazeti, kisha nailoni tena, maana alishaambiwa kwamba kwenye ndege vitu hulipuka.

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia mchezo. Wakiwa wadogo, yeye na Salma walilala kitanda kimoja. Salma alikuwa mbele yake madrasa, na ndiye aliyemfundisha tarakimu za Kiarabu, zile za kwenye aya. Alimfundisha kwa kumchorea mgongoni kwa kidole. Alichora, mdogo akataja. Akipatia, Salma alifuta kwa kiganja kama anafuta ubao, anachora nyingine. Akikosea, asubuhi yeye ndiye anayekwenda kuchota maji peke yake.

"Ulikosea sana?" nikamuuliza.

"Mwanzoni. Sita yao nilikuwa nasema saba, maana imefanana na saba yetu ya shule. Maji niliyachota mimi mpaka nikajua."

Shemeji akapiga honi kutuita. Makuyuni tulikula nyama ya mbuzi kwa haraka isiyofaa kwa nyama ya mbuzi, na uwanjani tukafika watu wakiwa wameshapanga foleni. Tungeweza kula polepole. Ndege nayo iliamua kupumzika.

Adis Ababa, saa tatu

Kwa kuwa tulichelewa kutoka Kilimanjaro, ndege ya kwenda Kairo hatukuikuta. Kampuni ikatupeleka hoteli tulale na kungoja ya kesho yake. Kesho yake mhudumu wa mapokezi, dada mmoja mpole, alituambia kwamba basi la kuturudisha uwanjani litakuja saa tatu. Alinyoosha na vidole, vitatu.

Mimi nikajua niko nje ya nchi. Nje ya nchi tatu ni saa tisa yetu mchana, kila simu inasema hivyo. Nikamwambia Mama Hawa ajitayarishe mapema. Akanijibu kwamba saa tatu ni saa tatu, na akaenda kulala. Mchana nikashuka na mabegi yote, nikakaa mapokezi. Basi halikuja. Nikakaa. Kila nikimtazama yule dada ananipa tabasamu na vidole vitatu. Jua likazama, giza likaingia, na saa tatu ya usiku, saa tatu hii yetu, basi likasimama mlangoni. Mama Hawa akateremka ngazi ameoga, amekula na amesali. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, tangu jua linapochomoza. Hakunicheka kwa mdomo.

Siku hiyo hiyo, wakati nikilinda mabegi, tulikula chakula cha mchana na bwana mmoja wa Tunisi aliyekwama kama sisi. Mama Hawa alishuka kwa ajili ya kula tu. Yule bwana alizungumza Kiingereza na Kifaransa, kidogo kidogo vyote, akatueleza kwamba naye Kairo humsumbua: vibao vya magari vya kule hawezi kuvisoma. Nilipomtafsiria Mama Hawa alikataa kabisa. Mwarabu asiyejua namba za Kiarabu? Yule bwana akacheka, akaeleza kwamba kwao, na Aljeria, na Moroko, wanatumia tarakimu hizi hizi tunazotumia Babati. Zile za Misri wengine huziita za Kihindi. Na hizi zetu, tulizoletewa na Wazungu, Wazungu wenyewe huziita za Kiarabu. Mama Hawa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu hakumaliza madrasa."

Jioni mtandao wa hoteli ulituletea ujumbe wa Nadia, nao ndio kiini cha habari yote, kwa hiyo nausimulia taratibu. Simu ilinitafsiria hivi: mama anajua mnakuja. Kesho asubuhi tutamvika nguo nzuri, atawangoja. Njooni kabla ya adhuhuri, baada ya hapo huchoka na hajui mtu. Siwezi kumwacha nije uwanjani. Likafuata jina la mtaa, kisha maneno "jengo, halafu fleti", na chini yake namba mbili zilizounganishwa kwa kistari.

Miaka ya karibuni niliandika programu ndogo kwa ajili ya duka la Mama Hawa. Tende na manukato vinavyotoka kule vina tarehe za tarakimu zao. Unaiwekea programu maandishi, inakutolea tarakimu zetu. Nikanakili zile namba nikaziweka. Ikatoa 15-24. Nikatazama ujumbe wenyewe: kushoto palikuwa na ishirini na nne, kulia kumi na tano. Nikampa Mama Hawa simu bila kumwambia kitu.

"Ishirini na nne," akasoma, "kumi na tano. Hiyo duara ni tano, usije ukasema sifuri."

"Programu inasema kumi na tano kwanza."

"Basi imegeuza. Wewe macho yako hayaoni?"

Macho yangu yalikuwa yanaona. Msidhani sikukumbuka kwamba Waarabu husoma kutoka kulia. Nilikumbuka. Lakini ndani ya ile ishirini na nne, mbili ilikuwa kushoto na nne kulia, sawasawa na tunavyoandika sisi, na maboksi ya tende yalishanifundisha kwamba namba yao husomwa hivyo. Nikajiridhisha kwamba maandishi yao huenda upande wao, namba zao huja upande wetu. Programu nimeiandika mwenyewe, najua pa kuilaumu. Nikaahidi nitaitengeneza nikirudi, nikaandika kwenye kiganja kwa kalamu: jengo 24, fleti 15.

Kutoka uwanjani Kairo

Tulitua alfajiri na kutoka jua likiwa limeshachomoza. Laini zetu za simu hazikufanya kazi na mtandao wa uwanja ulitaka mambo nisiyokuwa nayo. Nikamwonyesha dereva wa teksi jina la mtaa kwenye simu, akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Mama Hawa alikaa mbele. Kila gari lililotupita alisoma kibao chake kwa sauti, tarakimu moja moja, kama mtoto aliyeanza darasa la kwanza. "Saba, mbili, tisa. Nne, nne, moja." Dereva alimtazama kwa wasiwasi, kisha akaanza kumsaidia kwa Kiarabu, na wakaenda hivyo njia nzima, mmoja anasema tatu, mwingine talata. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Hawa na furaha ya namna ile. Nilifurahi nami, ingawa njaa ilikuwa inauma.

Mtaa wenyewe ni majengo ya ghorofa ya rangi moja, rangi ya vumbi, yanayofuatana mpaka macho yanachoka. Nguo zimeanikwa kila dirisha. Namba za majengo zimepakwa ukutani, kubwa, kwa tarakimu zao. Tukalipita la kumi na tano. Nakumbuka nililiona. Dereva akapunguza mwendo, nikamwonyesha kwa mkono aendelee mbele.

Kwenye lifti ya jengo la ishirini na nne kulikuwa na kitufe chenye nukta tupu, ambacho mwingine angedhani kimefutika. Ndiyo sifuri yao. Mama Hawa alinionyesha kwa fahari, kana kwamba ameipachika yeye.

Fleti ya kumi na tano

Mlango ulikuwa wazi na viatu vimejaa nje. Vigelegele vilisikika tangu kwenye lifti. Mama Hawa akanishika mkono. "Wametuandalia," akasema, na machozi yakamlenga.

Mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi alitokea, akamwona mama wa makamo amevaa ushungi na kitenge, na begi, na kifurushi. Akaachia maneno mengi, akamvuta ndani, akambusu huku na huku. Mimi nikavutwa na mwanamume mwenye sharubu, nikakalishwa kwenye kochi kati ya wazee wawili. Ndani ya muda mfupi nilikuwa na glasi ya kinywaji kizito cha moto, kina samli na njugu, na hakuna aliyeniuliza jina.

Ilikuwa siku ya saba ya mtoto. Mtoto alilazwa ndani ya chekecheke kubwa lililopambwa, sakafuni, na mama yake akawa analiruka huku na huko. Bibi mmoja aligonga kinu cha shaba karibu na sikio la mtoto, kwa nguvu kiasi cha mimi kumhurumia. Chumvi ikanyunyizwa vyumba vyote, ikatuingia kwenye vikombe. Mama Hawa akauliza, "Salma? Salma?" na mwanamke mwenye mwiko akaita jikoni. Akatoka binti wa kama miaka ishirini anapangusa mikono, akambusu Mama Hawa kwa adabu.

"Wamempa jina la dada," Mama Hawa akaniambia kutoka upande wa wanawake. "Huyu ni mjukuu. Mwenyewe atakuwa chumba cha ndani anapumzika."

Maelezo hayo yalitutosha. Binti yule aliitwa Salma kama wanavyoitwa wasichana wengi wa kule, na hakuwa mjukuu wa mtu tunayemjua. Lakini ndugu wa baba wa mtoto walidhani sisi ni wageni wa upande wa mama, na ndugu wa mama walidhani sisi ni wa upande wa baba, na kila upande ukaona usishindwe kwa ukarimu. Zikaja sahani. Majani ya mzabibu yaliyoviringishwa na wali ndani, kuku, mikate ya moto, figili. Kila nikimaliza, mzee wa kulia ananijazia, na nikikataa, wa kushoto anahuzunika.

Mnajua sisi tulivyo. Mgeni akifika kwako hapa Babati humuulizi amefuata nini kabla hajala. Na wewe mgeni, mtu akiwa ameshika mwiko anakupakulia, humuulizi yeye ni nani. Kumbe wale nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo pande zote mbili tulikuwa na adabu, na asubuhi ikawa inakwenda.

Mama Hawa alipewa mtoto ashike. Akamtazama muda mrefu, akafungua kifurushi, akatoa kanga akamfunika, asali akampa mama wa mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele upya. Asali ya nyuki wadogo wa Babati ikamiminwa kwenye kibakuli, ikapita mkono kwa mkono na mikate, na haikurudi.

Mimi ndiye niliyeanza kuingiwa na mashaka. Ukutani palikuwa na picha nyingi, na hakuna sura hata moja niliyowahi kuiona kwenye simu ya Mama Hawa. Chumba cha ndani mlango ulifunguliwa, akatoka mwanamume amebeba viti. Hapakuwa na mgonjwa. Nadia mwenyewe hakuonekana. Nilijiambia nimalize sahani kwanza. Kisha nikasikia adhana ya adhuhuri, msikiti wa kwanza, wa pili, mpaka mtaa mzima, na sahani nikaisukuma mbele.

Nilimwendea yule mwenye sharubu, mjomba wa mtoto, aliyeitwa Hosam na aliyejua Kiingereza. Nikampa simu. Akasoma ujumbe wa Nadia mara moja, akanitazama, akausoma tena.

"Huyu anakungojeni jengo la kumi na tano," akasema. "Fleti ishirini na nne."

"Mbona imeandikwa ishirini na nne kwanza?"

Akaweka kidole kulia mwa ile namba, juu ya kumi na tano, akakiburuta kwenda kushoto. "Ya kwanza ni hii. Sisi tunaanzia huku."

Ndani ya namba moja, tarakimu zao hukaa kama zetu. Lakini namba mbili zikifuatana hivyo, kwa kistari kati yao, kioo cha simu huzipanga kama kinavyopanga maneno yao, ya kwanza kulia. Nadia aliandika kumi na tano kwanza, na simu ilizihifadhi hivyo hivyo. Programu yangu, isiyo na macho, ilizipokea jinsi zilivyoandikwa ikanipa jibu sahihi. Wenye macho tulikuwa mimi na Mama Hawa. Nilipomweleza, alikuwa bado amemshika mtoto. Alimrudisha kwa mama yake taratibu, akavaa viatu bila kuvifunga.

Jengo la kumi na tano

Hosam hakukubali twende peke yetu. Alipowaeleza wenzake, kwanza walicheka, halafu mwanamke mwenye mwiko akasikia habari ya dada mgonjwa na kicheko kikakatika. Nusu ya sherehe ikatusindikiza kwa miguu, pamoja na sufuria ya majani ya mzabibu. Kanga na asali hakuna aliyevitaja. Mama Hawa alitembea mbele ya wote na sijawahi kumwona akitembea kwa kasi ile.

Nadia alikuwa kwenye kibaraza cha ghorofani, alikuwa pale tangu asubuhi akitazama kila teksi. Yetu aliiona ikipita. Akafungua mlango, akamkumbatia Mama Hawa, akamwita khalti, yaani mama mdogo, akalia. Hakutulaumu kwa neno moja, na ingekuwa nafuu kwangu angetulaumu. Alinieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba mama yake aliamka amechangamka, akavaa mwenyewe, akauliza mara kwa mara kama mdogo wake amefika. Adhuhuri ilipoita akaacha kuuliza.

Salma alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa gauni la kijani na hereni. Wamefanana sana. Mama Hawa akapiga magoti mbele yake, akamwambia, "Shikamoo dada. Ni mimi, Zuhura." Salma akamtazama, akamuuliza Nadia kitu kwa Kiarabu, na hata mimi nilielewa anauliza huyu ni nani. Nadia akajibu. Salma akaitikia kwa kichwa kwa upole, kama unavyomwitikia nesi mgeni, akageukia dirisha.

"Tumechelewa, Baba Imani," Mama Hawa akasema. Hakugeuka kunitazama.

Nilisimama pale na sufuria ya watu mikononi. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na sina neno zuri la kuipambia.

Siku ya kuondoka

Mtasema si kulikuwa na asubuhi nyingine. Zilikuwapo. Tulikaa mpaka siku zetu zikaisha, na kila alfajiri Mama Hawa aliketi kando ya kitanda akingoja dada yake aamke akiwa yeye. Hakuamka hivyo. Nadia alisema siku ile ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote alizozikumbuka kwa muda mrefu. Mama Hawa alimlisha, alimsuka, alimwimbia, alimsimulia habari za huku kwetu, za Nangara na Mutuka, na nani kafa na nani kajenga. Salma alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hosam na mkewe walikuja mara mbili na vyakula. Mimi nilijifanya natengeneza kompyuta ya Nadia, ambayo haikuwa imeharibika.

Siku ya kuondoka, alasiri, Mama Hawa alikaa ukingoni mwa kitanda akikunja nguo kuziweka kwenye begi. Salma alikuwa amelala nyuma yake, ubavu, macho wazi. Mimi nilikuwa mlangoni nangoja kubeba begi, Nadia kando yangu. Nikaona mkono wa Salma ukitoka ndani ya shuka. Kidole kikamgusa Mama Hawa mgongoni, kikaanza kutembea.

Mama Hawa akaacha kukunja. Hakugeuka. Kidole kilipotulia akasema, "Nne."

Kiganja kikapita mgongoni, kikafuta. Kidole kikachora tena.

"Saba."

Kikafuta, kikachora. Safari hii Mama Hawa alikawia. Kisha akasema, "Nane."

Salma akainua kichwa kwenye mto, uso wake umebadilika, una ukali wa msichana mkubwa kwa mdogo wake, na akasema kwa Kiswahili, kilekile cha kwetu, "Umekosea. Kachote maji."

Nadia aliziba mdomo kwa mkono. Mama Hawa akainuka bila kuuliza chochote, akatupita mlangoni, akaenda jikoni. Bomba lilisikika likimwaga maji kwa muda mrefu kuliko linavyohitajika kujaza glasi. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akamwinua dada yake, akamshikia glasi, Salma akanywa yote, akalala.

Programu sijaitengeneza, maana haina kasoro. Mkinikuta nimekaa nayo naitazama, msiniulize.

Ndani ya ndege nilimuuliza Mama Hawa kama kweli ile ya mwisho ilimshinda kusoma. Alikuwa amelalia dirisha.

"Ilikuwa sita," akasema. "Aliichora vizuri kabisa. Hata wewe ungeijua."